Sekunde Arobaini na Nne

"Rudia," Fundi alisema, akaachia kitufe kabla hajajibiwa.

Upande wa pili wa kioo mume wake aliinua kichwa. Midomo ilicheza, sauti haikutoka, na Fundi alijua fika kwa nini haitoki, maana ndiye aliyeishusha. Akaipandisha taratibu, kama mtu asiyedaiwa haraka na yeyote.

"...ya ngapi hii?" Ile sauti nzito ikajaa chumba cha mitambo.

"Ya nne."

"Nimekosea wapi?"

"Umelimeza neno 'wiki'. Watu watasikia unaondoka mbili. Mbili za nini, hawajui."

"Leo umeamka na chuki."

"Nimelala nayo. Rudia."

Jamani, mnuno wa mke na mume wanaofanya kazi ofisi moja usiombe yakukute. Nyumbani ilikuwa siku ya tano hawasemezani. Chumvi ilipitishwa mezani bila neno, mlango wa bafu uligongwa mara mbili kumaanisha toka, basi. Lakini kituo cha redio hakijui mambo ya kununiana. Yeye ni mtangazaji, mkewe ni fundi mitambo, na kipindi cha asubuhi ni chao wawili kwa mwaka wa tisa sasa. Kwa hiyo walitazamana kupitia kioo kile kinene, wakatukanana kwa kitufe.

Wasikilizaji walimwita Besi, kwa ajili ya ile sauti. Wanawake walipiga simu studio wakiomba awasomee hali ya hewa tu, wala hawana safari. Fundi naye alinaswa humo humo. Siku yake ya kwanza kazini alivaa hedifoni kupima sauti ya mtangazaji mgeni, mtangazaji akasema "moja, mbili, tatu," na moyo wake ukafanya jambo ambalo alimficha hata dada yake. Mwaka wa tatu wakaoana.

Na kesho saa mbili asubuhi koo hilo hilo lilikuwa linakwenda kukatwa.

Si koo lote, usiogope. Kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi, pamoja na kipande cha kaakaa laini juu yake, ili mkoromo wake ukome. Kisha wiki mbili asiseme neno. Baada ya hapo sauti ingerudi ilivyokuwa, au ingerudi imebadilika kidogo, anazungumzia puani. Daktari wa koo alisema mwenyewe kwamba hilo huwatokea wachache tu. Fundi alipouliza wachache ni wangapi, wifi yake alimkanyaga mguu chini ya meza.

Taa nyekundu ikawaka. Besi akasogea kwenye kipaza sauti.

"Mpenzi msikilizaji, kwa wiki mbili zijazo hutanisikia. Ninakwenda kurekebisha jambo dogo, nirudi kwako nikiwa..."

Akasita. Fundi akasimamisha.

"Nikiwa nani?" akamwuliza.

"Nimepotewa na neno."

"Neno ni 'bubu'."

Besi akavua hedifoni, akaitupa mezani. Haikumsaidia, maana ndani mle mna spika pia, na Fundi akaihamishia sauti yake huko.

"Nakuambia tena mbele ya mashine hizi," akasema, "kesho usiende. Daktari wa mapafu alitueleza vizuri, ukiwa umekaa pale pale unachezea funguo. Lala hospitalini usiku mmoja, ufungwe nyaya, wajue unakoroma tu au pumzi inakatika. Ikikatika, kuna ile mashine ya kusukuma hewa, unavaa barakoa unalala. Kuna kile kifaa cha mdomoni kinachovuta taya mbele. Kuna kupunguza hilo tumbo. Kisu akakitaja mwisho kabisa, tena akasema baada ya kupima. Wewe umeruka yote, umekwenda kuangukia kisu!"

"Nilale nimefungwa nyaya kama redio mbovu?"

"Usiku mmoja!"

"Halafu barakoa maisha yangu yote. Nilale na mke wangu nimevaa bomba puani. Nikitaka kumbusu niombe ruhusa kwa mashine." Akacheka bila furaha. "Ah, nimesahau. Mke mwenyewe hayupo chumbani."

Hapo ndipo penye donda. Ilikuwa inatimia miezi mitatu tangu Fundi abebe mto wake na shuka moja, akahamia chumba kidogo cha kupigia pasi. Zamu yao inaanza saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa anasinzia juu ya mitambo, na siku moja aliupeleka hewani wimbo wa harusi katikati ya matangazo ya vifo. Bosi alimwita, akamfungia mlango, akamsema kwa robo saa. Jioni ile akahama. Hakufanya hivyo bila kujaribu, la. Alimshonea Besi mpira mdogo mgongoni mwa fulana ya kulalia, ili akijigeuza chali umchome arudi ubavu. Siku mbili tu, fulana ikaokotwa na majirani kwenye michongoma.

"Nilihama nipate usingizi," akasema. "Sikukuhama wewe."

"Ulihama trekta."

Fundi akainua macho.

"Ulidhani sikusikia?" Besi alikuwa amesogea hadi kwenye kioo, pumzi yake inaacha ukungu. "Wewe fundi mzima, ukaacha kitufe wazi. Nimekaa humu na hedifoni zangu nangoja taarifa ya habari iishe, nakusikia unawaambia wenzako, 'Mie nimeolewa na trekta, tena halina breki.' Wakacheka wote. Hadi mfagizi akacheka. Kesho yake nikamwambia dada anitafutie daktari."

"Ulikuwa utani."

"Basi kesho nakwenda kuukata utani wako. Nakatwa koo ili mke wangu arudi chumbani, na bado anasema nimekosea. Unataka nini wewe? Sauti ibaki na mimi niende zangu?"

Maneno hayo yalimkata maini. Alitaka kumjibu kwamba usiku anaweka sikio ukutani. Kwamba ile pasi na lile kapu la nguo vinamtazama kila siku kama mjinga. Ulimi ukaleta jingine.

"Sikukutuma," akasema.

Mlango wa chumba cha mitambo ukafunguliwa bila hodi.

Wifi yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na popote aliposimama pakawa uwanja wa paredi. Alishika begi la nguo la mdogo wake mkono mmoja, mwingine simu. Saa nane na nusu mchana, na kitanda wodini kiliandikwa kuanzia saa kumi na moja.

"Hajamaliza?" akauliza, macho juu ya Fundi.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Nimeuliza kitu."

"Hajamaliza."

"Kwa sababu unamchelewesha. Nimesimama nje hapo dakika kumi, nasikia rudia, rudia. Muda wa kulazwa ukipita si watamwondoa kwenye orodha?" Akalitua begi juu ya kiti cha Fundi, kiti ambacho Fundi alikuwa ameinuka tu kumsalimia. "Wifi, nikutolee uvivu leo. Mama yangu ananiuliza nyumba ile kuna nini. Mtoto wake anapika chai peke yake, analala peke yake, mke yuko chumba cha pasi. Mimi nimefanya kazi ambayo ni yako. Nimetafuta daktari, nimepanga tarehe, nimeomba likizo ofisini. Wewe umefanya nini?"

"Nimesema apimwe kwanza."

"Amepimwa! Daktari wa koo alitazama mdomo kwa taa, akasikiliza ile rekodi yako ya mkoromo wake, dakika kumi nzima. Akasema mkoromo unafuatana vizuri, pumzi haikatiki hata mara moja, tatizo ni kimeo. Masikio yangu haya yamesikia. Au rekodi hukuirekodi wewe?"

"Niliirekodi mimi."

"Haya. Sasa unapinga nini?"

Alikuwa na wasiwasi tu, hana sababu, na hilo ndilo lililomchoma wiki nzima. Akatazama kioo. Besi alikuwa ameketi tena, amewapa kisogo wote wawili. Shati lilimbana mabegani, na kichwa kilikuwa kinamwanguka kidogo kidogo. Jamani, mtu anagombaniwa na wanawake wawili saa nane mchana, naye anasinzia!

"Na hiyo rekodi naitaka tena," mwalimu mkuu akaendelea. "Amenipigia daktari mwingine, yule wa dawa ya usingizi. Anasema hampi mtu dawa yake bila kusikia anavyolala. Ya kwenye simu yangu nilishaifuta. Nitilie humu."

Akatoa flashi kwenye pochi. Fundi akaichomeka kwenye kompyuta, akafungua kabrasha la nyumbani. Faili zilikuwa mbili. Moja dakika kumi, ile ya daktari. Nyingine saa saba, usiku mzima, jinsi kinasa sauti alichokitega baada ya kuhama kilivyolala pale juu ya kabati la kitanda.

Alitaka kuchukua ile fupi. Hata leo ukimwuliza hajui kwa nini kidole kilifungua ile ndefu. Labda alitaka kumkomoa wifi yake, abebe saa saba za mkoromo wa mdogo wake akasikilize. Ikafunguka, ikajaa kioo cha kompyuta.

Milima ya mchoro wa sauti, na katikati ya milima, tambarare.

Kwanza akadhani kinasa kilikatika. Mkoromo unapanda na kushuka, mlima baada ya mlima, mara mstari unanyooka kabisa. Halafu mlima mmoja mkubwa unaruka ghafla, kisha milima tena, kisha tambarare nyingine. Akasogeza uso kwenye kompyuta. Zilikuwa nyingi, hazihesabiki. Akavaa hedifoni, akaweka kishale mwanzoni mwa moja, akabonyeza.

Mkoromo. Mkoromo. Kisha kimya.

Tik. Tik. Tik.

Ilikuwa saa ya ukutani, ile waliyopewa harusini na kituo. Saa inagonga. Basi kinasa kilikuwa hai, kinafanya kazi yake vizuri. Aliyenyamaza ni mtu.

Fundi akakumbuka Jumatatu ile. Wifi kapiga simu, daktari anataka kipande kifupi, cha kumtosha kusikia, kitumwe mara moja. Taarifa ya habari ilikuwa hewani, hedifoni za Fundi ziko kwa msomaji habari. Akaikata rekodi ya mume wake kwa macho tu, bila kusikiliza. Penye mlima akaacha. Penye tambarare akafuta. Ndivyo mikono yake inavyofanya kazi kila siku ya Mungu. Redioni kimya ni kosa. Mtangazaji akinyamaza sekunde tatu simu ya bosi inalia, kwa hiyo fundi mzuri hufuta kimya kabla hakijafika masikioni mwa mtu. Naye ni fundi mzuri, hilo hakuna anayebisha. Aliunganisha mkoromo na mkoromo, safi, hakuna anayeweza kusikia kiungo kiko wapi.

Daktari wa mapafu aliuliza swali moja tu: pumzi inakatika? Jibu lilikuwa katika vile vipande. Na vipande alivitupa yeye.

"Unanitilia au huna nafasi?" wifi akasema.

Fundi hakusikia. Alikuwa anahesabu milio ya saa. Ishirini. Ishirini na tano. Kesho saa mbili asubuhi mtu angemtia Besi dawa ya usingizi mzito, akiamini kwamba huyu anapumua usiku kucha bila taabu.

Angeweza kunyamaza, tusidanganyane. Angetia faili ndefu kwenye flashi, amwachie daktari aone mwenyewe, jina lake lisitajwe. Lakini daktari mwenye kazi zake atasikiliza dakika ngapi katika saa saba? Na je, kama angesikiliza dakika tano za mwanzo, Besi akiwa bado hajazama usingizini? Alimtazama wifi yake, akaona kabisa atakavyosemwa kwenye ukoo wao mpaka siku ya kufa. Akamtazama Besi, naye ndiye mbaya zaidi. Atasema ni hila. Atasema mkewe amebuni ili ashinde ugomvi.

Akabonyeza kitufe.

"Vaa hedifoni," akasema.

Besi akashtuka kutoka usingizini. "Rudia tena?"

"Vaa. Usiulize."

"Wewe unaniamuru kama..."

"Vaa, baba, nakuomba!"

Kitu katika sauti ile kilimfanya avae. Fundi akafungua na spika za chumba cha mitambo, wifi naye asikie, maana akianza kueleza kwa mdomo hatamaliza. Akarudisha kishale nyuma. Akabonyeza.

Mkoromo ukajaa vyumba vyote viwili. Mwalimu mkuu akatabasamu kwa kejeli. "Ndio huo huo niliousikia. Sasa?"

Ukakatika.

"Mtambo wako umekufa," Besi akasema ndani ya kioo.

"Haujakufa. Sikiliza saa."

Tik. Tik. Tik. Besi alikunja uso. Alikuwa mtu wa redio, kimya kilimwasha ngozi kuliko tusi. Sekunde kumi zikapita. Akatazama taa, akatazama waya wa hedifoni, akaugonga kwa kidole. Kumi na tano.

"Ndiyo nini hii?" wifi akauliza.

"Ndiye yeye. Yupo hapo kitandani. Hapumui."

"Acha upuuzi."

Ishirini. Ishirini na tano. Mkono wa mwalimu mkuu ukashika ukingo wa meza. Thelathini. Saa inagonga tu, haina huruma. Thelathini na tano, na Fundi akagundua kwamba na yeye ameibana pumzi. Wifi yake alikuwa ameanza kutikisa kichwa, taratibu, kisha kwa nguvu.

"Pumua," akanong'ona.

Arobaini.

"Pumua, mdogo wangu. Pumua! Pumua bwana!" Akaruka, akapiga kioo kwa viganja vyote viwili. Mdogo wake huyo hapo mbele yake, mzima, anamkodolea macho, naye anampigia kioo akililia mtu wa kwenye rekodi. "Pumua!"

Arobaini na nne. Ikatoka ile pumzi, ya kukoroma na kulia pamoja, ya mtu aliyetolewa majini. Kitanda kikalia. Kisha mkoromo ukaendelea kama hakuna lililotokea.

Fundi akazima.

Mwalimu mkuu alikuwa ameketi juu ya begi la nguo, bila kujua ameketi. Machozi yanamtiririka, hayafuti. "Baba," akasema. "Baba alikoroma hivi hivi. Tulikuwa tunamcheka. Asubuhi tukamkuta. Watu wakatuambia mshukuruni Mungu, amekwenda usingizini, kifo cha raha." Akamtazama Fundi. "Kwa nini daktari hakuisikia hii?"

Hapo sasa.

"Niliikata," Fundi akasema. "Nilikuwa nafupisha. Nikafuta kimya chote, nikamwachia mkoromo. Mazoea ya kazi, wifi. Sikusikiliza. Kosa ni langu."

Kofi lilikuja haraka kuliko alivyotegemea. Halikuwa kubwa, lakini lilimgeuza uso.

"Ulitaka kumuua ndugu yangu!"

"Dada!" Besi alikuwa ameshatoka studio, amesimama mlangoni, hedifoni ikining'inia shingoni na waya wake unaburuta. "Mguse tena, uone. Toka nje."

"Mimi nitoke? Mimi?"

"Toka, umpigie daktari wako. Mwambie kesho siendi. Mweleze na sababu."

Dada mtu akasimama. Akamtazama Besi juu chini, akamtazama na Fundi juu chini. Akaiokota simu yake, akatoka. Mlango haukubamizwa, na wote wawili walijua hiyo si kawaida yake.

Wakabaki. Kwa mara ya kwanza baada ya siku tano walikuwa wanasemezana bila kioo katikati yao, na ilikuwa afadhali kioo.

"Usidhani nimekutetea," Besi akasema.

"Sijadhani."

"Ulinisafisha. Kama tangazo la sabuni. Ukaondoa palipo pabaya, ukampelekea mtu, akanipangia kisu."

"Ndiyo."

"Sema kitu! Jitetee basi, nikutukane vizuri."

"Sina la kujitetea." Shavu lilikuwa linamwaka. "Nimekosa. Lakini na wewe umekosa. Ungelala usiku mmoja na nyaya za yule mama daktari wa mapafu, tusingefika hapa. Uliogopa kuonekana mgonjwa, ukakimbilia kwa anayekuambia wewe ni mzima ila kimeo. Tena kwa sababu ya utani mmoja wa kijinga, ukaona bora ukatwe kuliko kuniuliza."

"Ungejibu nini?"

"Ningekujibu kwamba nalala sikio ukutani, mjinga wewe!"

Macho ya Besi, mekundu ya usingizi usioshibisha, yalimtulia usoni kwa muda mrefu, na Fundi akachukia jinsi moyo wake ulivyofanya lile lile la siku ya kwanza kazini, bila haya, katikati ya ugomvi.

"Kuna kitu sielewi," Besi akasema, sasa taratibu. "Miaka yote sita unalala pembeni yangu. Hukusikia kimya hicho hata siku moja?"

"Sikukisikia. Nilikuwa nakupiga kiwiko."

"Nakumbuka. Mbavu zangu hizi."

"Nilidhani nakupiga kwa ajili ya kelele. Sasa nafikiri..." Akaishika meza. "Nafikiri nilikuwa nakupiga uliponyamaza. Nikiwa usingizini. Unanyamaza, mimi nakushindilia, unavuta pumzi, unageuka. Asubuhi tunagombana kwamba nakuonea."

"Na ulipohamia kwenye pasi?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Nani alinipiga kiwiko, miezi mitatu hii?"

Sekunde tano zikapita, kumi. Kwenye korido mwalimu mkuu alisikika akimfokea mtu kwenye simu, "Nasema hivi, msikilize dada yake, pumzi inakatika!" Fundi alianza kulia, kwa hasira, akijifuta kwa mkono wa blauzi, na Besi hakumbembeleza. Alisimama tu karibu, karibu kuliko siku zote tano, akaunyoosha waya wa hedifoni uliokuwa umemfunga Fundi kifundo cha mguu.

"Nampigia yule mama wa mapafu," akasema. "Nyaya zake anifunge. Akisema barakoa, nitavaa. Akisema kisu, nitakwenda kisu, sauti iharibike isiharibike. Lakini aseme akiwa amesikia usiku mzima, haujakatwa na mtu."

"Utampelekea saa zote saba."

"Wewe ndiye utakayempelekea. Na utamwambia mwenyewe ulichofanya."

"Nitamwambia."

"Na mimi sijakusamehe."

"Sijaomba."

"Vizuri." Akarudi studio, akafunga mlango mzito, akaketi. Akavaa hedifoni. Fundi naye akakaa mahali pake, akalisukuma begi la nguo kando kwa mguu. Wakatazamana kwenye kioo chenye alama za viganja vya dada mtu.

Besi alikuwa wa kwanza kusema. "Leo unalala wapi?"

Fundi akabonyeza kitufe. "Chumbani."

"Kwangu?"

"Kwetu. Mpaka upate hiyo mashine sikutoki. Hata ukininunia."

"Nitakununia."

"Nuna."

Besi akasogeza kipaza sauti, akakohoa, akapanga karatasi zake zisizohitaji kupangwa. "Trekta likizimika," akasema, bila kumtazama, "upige."

"Nitapiga."

"Kwa nguvu."

"Kwa hasira zote nilizo nazo na wewe," Fundi akasema, "na ninazo nyingi." Akafuta yale matangazo ya wiki mbili, yote aliyomlazimisha kurudia, akawasha taa nyekundu. "Haya. Waambie kesho upo."